Malaria haijauzoea mseto, mseto ndio umeichekecha malaria

Kwenye dirisha la duka la dawa sentensi ni ileile: "Dokta, mseto mwili wangu umeshauzoea, nipe kitu kingine." Aliye ndani ya dirisha, awe daktari au asiwe, hugeukia kabati na kutafuta kitu kingine. Mseto, au ALu, ni kidonge cha malaria chenye dawa mbili: moja ya jamii ya artemisinini, nyingine lumefantrini. Tangu taarifa za usugu wa malaria kutoka Rwanda, kaskazini mwa Uganda na mkoa wa Kagera zianze kufika mitaani, sentensi hiyo imezaa pacha wake: eti sasa malaria yenyewe nayo imezoea. Zote mbili ni kosa, na kosa lenye gharama, maana kila moja inampeleka mtu kwenye uamuzi. Anayeamini mwili umezoea hubadilisha dawa kiholela. Anayeamini kimelea kimezoea hudhani kuna siku kitasahau. Kinachotokea Kagera ni jambo la tatu kabisa. Ndani ya kundi kubwa la vimelea, uwiano wa aina zake unabadilika kizazi baada ya kizazi, kwa sababu dawa inaiua aina moja kwa urahisi kuliko nyingine. Hakuna kimelea hata kimoja kilichojifunza kitu.

Tuanze na kilichoonekana hasa. Ushahidi unahusu jeni moja ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, iitwayo kelch13. Kwenye nafasi ya 561 ya protini inayotengenezwa na jeni hiyo, vimelea vya kawaida vina arginini, mojawapo ya amino asidi zinazojenga protini. Vingine vina histidini, na badiliko hilo huandikwa R561H. Nchini Rwanda lilikutwa kwenye sampuli za damu zilizokusanywa kati ya 2012 na 2015, na matokeo yakachapishwa 2020. Kaskazini mwa Uganda yalikutwa mabadiliko mengine mawili ya jeni ileile, A675V na C469Y. Tanzania, uchunguzi wa vinasaba wa 2021 ulikuta R561H kwenye asilimia 7.7 ya sampuli za Kagera, na ndani ya wilaya ya Karagwe peke yake ikafika asilimia 22.8. Jaribio la tiba lililofanyika Karagwe 2022 likathibitisha kwamba vimelea vyenye badiliko hilo vinachelewa kuisha kwenye damu. Lakini jaribio hilohilo lilionyesha kwamba mseto bado unaponya wagonjwa kwa zaidi ya asilimia 90, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitumia kuamua kama dawa ibaki au ibadilishwe. Ndiyo maana wataalamu wanauita usugu wa sehemu. Jina halivutii, ila ni sahihi. Anayesema mseto haufanyi kazi tena amekosea, na anayesema hakuna la kuhofia amekosea pia.

Hofu yenyewe ni ya hesabu, na inafaa kuipiga. Mtu mzima aliyezidiwa na malaria anaweza kuwa na vimelea trilioni moja mwilini. Kila saa 48 hivi kimelea hukamilisha mzunguko wake ndani ya chembe nyekundu ya damu, na artemisinini yenye nguvu zake zote hupunguza idadi takriban mara 10,000 kwa kila mzunguko. Dozi ya siku 3 inagusa mizunguko 2. Gawanya trilioni kwa 10,000, inabaki milioni 100. Gawanya tena, vinabaki vimelea 10,000. Hivyo ndivyo vinavyoachiwa dawa ya pili iliyomo kwenye kidonge kilekile, lumefantrini, ambayo inakaa damuni siku kadhaa wakati artemisinini na mazao yake huisha ndani ya saa chache. Sasa chukua kimelea chenye badiliko la kelch13. Kikiwa bado kichanga, katika hatua inayoonekana kama pete chini ya darubini, kinapunguza shughuli zake na kujikunyata mpaka artemisinini ipite. Tuseme dawa inakipunguza mara 100 tu kwa mzunguko. Trilioni inakuwa bilioni 10, kisha milioni 100. Lumefantrini iliyozoea kupewa masalia ya vimelea 10,000 sasa inakabidhiwa milioni 100. Bado inaweza kuyamaliza, na ndiyo sababu wagonjwa wa Karagwe wanapona. Ila nafasi ya kuwamo kimelea ambacho kina hitilafu nyingine inayokikinga dhidi ya lumefantrini imekua mara 10,000. Siku vimelea vya namna hiyo vikienea, hakutakuwa na dawa ya pili ya kufunika upungufu wa ile ya kwanza.

Hapo ndipo neno kuzoea linapoharibu fikra. Kuzoea ni jambo la kiumbe kimoja katika maisha yake: macho huzoea giza, mnywaji huzoea pombe mpaka chupa mbili hazimfanyi kitu, na aliyetumia mofini kwa muda mrefu huhitaji dozi kubwa zaidi. Haya ni kweli, na ndiyo yanayowafanya watu wadhani kila dawa iko hivyo. Lakini pombe na mofini hufanya kazi kwenye mwili wa mtu, na mseto shabaha yake ni kimelea. Dai la kwamba mwili umezoea linaweza kupimwa, na limepimwa bila hata mwili kuwepo. Maabara huchukua vimelea kutoka damu ya mgonjwa, huvikuza kwenye chombo chenye chembe nyekundu, huchagua vile vyenye umri usiozidi saa 3 tangu viingie kwenye chembe, huviweka kwenye dihidroartemisinini (zao la artemisinini) ya nanomola 700 kwa saa 6, huosha dawa, kisha huhesabu vilivyo hai baada ya saa 72. Vikivuka asilimia 1 ya vile ambavyo havikupewa dawa, huo ni usugu. Watafiti wa vimelea vya Rwanda walikwenda hatua moja mbele: walichukua kimelea cha maabara kinachokufa vizuri kwa dawa, wakakihariri jeni kwenye nafasi ile ya 561 tu, na uzao wake ukaanza kustahimili. Mwili haukuwepo, mazoea hayakuwepo, kimebadilika kitu kimoja na matokeo yamebadilika nacho. Ni mara chache biolojia hutoa jibu safi namna hiyo.

Badiliko lenyewe hutoka wapi? Hutoka kwenye makosa ya kunakili, na dawa haina mkono ndani yake. Jenomu ya falciparum ina herufi zipatazo milioni 23, na uwezekano wa herufi moja kukosewa katika unakili mmoja ni takriban moja kwa bilioni. Mgonjwa wa kawaida mwenye vimelea bilioni 10 anabeba, katika mzunguko mmoja tu, makosa yapatayo 10 kwenye kila herufi ya jenomu hiyo. Maana yake R561H imeshatokea na kupotea mara zisizohesabika, hata kabla artemisinini haijafika Afrika Mashariki. Ilikuwa inapotea kwa sababu kimelea kinachobadilika lazima kizae hadi kufikia hatua ya kijinsia, kimezwe na mbu, kipenye ukuta wa utumbo wake ambako wengi hufia, kisha kiingie kwa mtu mwingine. Na huko kinakuta aina nyingine zinazogombea chembe nyekundu zilezile. Katika maeneo yenye malaria nyingi mtu mmoja mara nyingi hubeba aina mbili, tatu au zaidi kwa wakati mmoja. Dawa ikipita, inaondoa washindani. Mkulima wa mahindi anajua picha hii: ukinyunyiza dawa ya magugu isiyoua aina moja ya gugu, wiki chache baadaye shamba lote ni la gugu hilo, kwa kuwa jua, maji na mbolea ya wenzake vimebaki kwake. Au fikiria chekeche la mchanga. Halipunguzi kokoto, linaamua tu kipi kipite.

Kwa asiyeshawishika, upo mfano ambao hauhusu dawa kabisa, nao ndio ninaoupenda kuliko yote. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika sana Afrika hunasa protini iitwayo HRP2 inayotolewa na falciparum. Wapo vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Damu yenye vimelea hivyo inasoma hakuna malaria, mgonjwa anarudishwa nyumbani bila dawa, na kimelea kinaendelea kuambukiza mbu. Nchini Eritrea vimelea vya namna hiyo vilikuwa vingi kiasi kwamba mwaka 2016 nchi ililazimika kubadilisha aina ya kipimo. Kipimo hakimgusi kimelea. Tone la damu linachukuliwa na linatupwa. Nani atasema vimelea vimekizoea kipimo? Kipimo kimekuwa chekeche kwa njia ileile ya dawa: anayeonekana anatibiwa na kufa, asiyeonekana anabaki kuzaa.

Malawi ilionyesha upande wa pili wa sarafu hiyo. Mwaka 1993 iliiacha dawa ya zamani ya malaria, klorokwini, na kuhamia nyingine, SP, ikiwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Alama ya usugu wa klorokwini kwenye jeni ya pfcrt ilikuwa kwenye asilimia 85 ya vimelea mwaka 1992. Mwaka 2000 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 13, na 2001 haikuonekana kwenye sampuli zilizopimwa. Jaribio lililofanyika Blantyre na kuchapishwa 2006 liliwapa watoto klorokwini tena: ilishindwa kwa mtoto 1 kati ya 80, wakati SP ilishindwa kwa 71 kati ya 87. Wengi walisimulia habari hii kana kwamba vimelea vilisahau. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kingine. Vimelea vilivyorudi vilikuwa uzao wa wale wa zamani, aina nyingi tofauti, ambao yaelekea walikuwa wamejihifadhi kwa watu wazima wenye kinga ya kiasi ambao wanabeba vimelea bila kuumwa na hivyo hawanywi dawa. Kila dawa ina maficho ya namna hii nje ya uwezo wake. Klorokwini ilipoondoka, vimelea sugu vilibaki na mzigo wa jeni yao bila faida yake, na waliotoka mafichoni wakawashinda kwa kuzaa. Linganisha na Ethiopia, ambako klorokwini imeendelea kutumika kutibu malaria ya vivax, aina nyingine ya kimelea: huko alama ya usugu imeng'ang'ania kwenye falciparum, kwa sababu chekeche halikuwahi kuondolewa.

Sasa hoja za watu. Ya kwanza ndiyo inayotangazwa zaidi: usugu unaletwa na wagonjwa wasiomaliza dozi. Ina ukweli, na kila kliniki iendelee kuisema. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi anahitaji vidonge 24 vya ALu: vinne mara moja, vinne tena baada ya saa 8, halafu vinne asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Lumefantrini inahitaji mafuta ili ipite kutoka tumboni kwenda damuni, kwa hiyo anayemeza kwa maji matupu akiwa na njaa anaweza kumaliza vidonge vyote 24 na bado damu yake ikawa na dawa pungufu. Kikombe cha maziwa au kiganja cha karanga kinabadilisha hesabu. Makosa ya kawaida ni yale ya kugawana pakiti kati ya watoto wawili, kuruka dozi ya saa 8 kwa sababu inaangukia usiku wa manane, na kumpa mtoto dozi kwa kukadiria umri badala ya kumpima uzito. Chai ya majani ya Artemisia nayo iko kwenye kundi hili: ina artemisinini isiyojulikana kiasi, bila mwenza wa kuimalizia kazi.

Lakini ukiishia hapo umemtwisha mgonjwa lawama isiyo yake yote. Tazama aliyefanya kila kitu sawasawa. Amemaliza vidonge 24, amepona, na kwa siku kadhaa zinazofuata lumefantrini inaendelea kushuka taratibu damuni mwake. Ndani ya siku hizo anaumwa na mbu. Kiwango kilichobaki kinatosha kuua vimelea vyepesi vinavyoingia, hakitoshi kuua vile vigumu kidogo. Mchujo umefanyika ndani ya mtu mtiifu kabisa, asiye na homa. Kadiri mkoa unavyokuwa na mbu wengi wenye vimelea, ndivyo mkia huo wa dawa unavyokutana na maambukizi mapya mara nyingi zaidi. Na kila homa isiyo ya malaria inayopewa mseto bila kupimwa inaongeza mtu mwingine mwenye mkia wa dawa asiouhitaji. Kwa maoni yangu hili la mwisho lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa kwenye mabango ya afya, yanayopenda picha ya mgonjwa mkaidi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya turudishe klorokwini kwa kuwa vimelea vimeshaisahau. Kundi halisahau. Jeni ya usugu ikiwa imeshuka chini kiasi cha kutoonekana kwenye sampuli mia chache, hiyo haina maana imeisha. Na hata ingekuwa imeisha Malawi, mpaka hauzuii mbu wala msafiri wa basi. Usugu wa klorokwini uliotufikia miaka ya 1970 ulikuwa na mizizi Kusini-Mashariki mwa Asia, uliingia ukiwa umeshakamilika. Rudisha dawa hiyo peke yake na chekeche lilelile linarudi, safari hii kwenye kundi ambalo lina mbegu za usugu zimesambaa. Tofauti na hiyo, R561H ya Rwanda haikuletwa na mtu: ukoo wake wa vinasaba ni wa vimelea vya Kiafrika, ingawa badiliko hilohilo limeonekana pia Asia. Limezaliwa angalau mara mbili, mahali pawili, kwa shinikizo linalofanana. Wanaopendekeza kufunga mipaka au kupima wageni wanajibu swali la miaka ya 1970.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya kutumia mseto wa aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja ndani ya nchi. Msingi wake ni mzuri, na hapa ndipo elimu ya mageuko inapolipa. Lumefantrini na amodiakwini, dawa mwenza ya mseto mwingine, huchuja kwa mielekeo inayopingana: vimelea vinavyoponyoka lumefantrini huwa na umbo la zamani la jeni za pfcrt na pfmdr1, lile ambalo amodiakwini inaliua vizuri, na vinavyoponyoka amodiakwini huwa na umbo la kinyume. Kwa kweli Tanzania ilipohamia ALu mwaka 2006, matumizi hayo yenyewe yalisaidia kuondoa alama za usugu wa klorokwini. Kuzitumia dawa hizi mbili bega kwa bega kunakiweka kimelea njia panda. Ila watetezi wake waseme pia kisichofanyika: michanganyiko yote hii ina artemisinini ndani yake, kwa hiyo shinikizo kwenye kelch13 linabaki palepale. Kinacholindwa ni dawa mwenza. Hata dawa mpya isiyo na artemisinini ambayo matokeo ya majaribio yake ya awamu ya tatu yalitangazwa Novemba 2025 ni ganaplasidi iliyounganishwa na lumefantrini ileile. Habari njema, lakini mwenza wake ana miaka mingi kazini.

Kipo kidogo kinachoweza kufanyika ambacho kinagusa uzao moja kwa moja: primakwini ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, inayoua hatua ya kijinsia inayokwenda kwa mbu. Haimsaidii mgonjwa aliye mbele yako. Inazuia vimelea vilivyochujwa ndani yake visipate safari. Vyandarua navyo hupunguza safari hizo, mradi vyenyewe viwe na dawa ambayo mbu wa mahali hapo hawajachujwa nayo. Huko Misungwi, Mwanza, jaribio lililochapishwa 2022 lililinganisha vyandarua vyenye pairethroidi, dawa ya kawaida ya vyandarua, peke yake na vile vilivyoongezwa dawa ya pili, klofenapiri: baada ya miezi 24, asilimia 45.8 ya watoto wa kundi la kwanza walikuwa na malaria, dhidi ya asilimia 25.6 ya kundi la pili. Mbu nao, bila shaka, mtaani wanasemwa wamezoea.

Turudi dirishani. Wengi wanaosema mseto umegoma wana ushahidi mkononi: walimaliza dozi, wiki ikapita, wakapima tena kwa kipimo cha haraka na mstari wa pili ukatokea. Kipimo hicho hunasa HRP2, na protini hiyo hubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya kimelea cha mwisho kufa. Mstari huo hausemi kama kuna kimelea hai. Anayetaka kujua anahitaji slaidi na darubini. Na slaidi ikionyesha vimelea, bado kuna swali kama ni wale wa mwanzo walionusurika au ni wapya walioletwa na mbu mwingine. Kwenye majaribio ya tiba wagonjwa hufuatiliwa siku 28, na vinasaba vya vimelea vya siku ya kwanza hulinganishwa na vya siku vilipoonekana tena kabla mtu hajaandika kwamba dawa imeshindwa. Duka la dawa halina maabara ya vinasaba, lakini aliye dirishani anaweza kuuliza vidonge vilikuwa vingapi, vilimezwa saa ngapi na kwa chakula gani, na kisha kumwelekeza mteja penye darubini kabla ya kunyoosha mkono kwenye kabati.